Moshi wa Kwa Wifi

Kitendawili.

Haya, sema tega. Usione haya, hapa hakuna mkaguzi.

Nina mgeni wangu haishi kuingia na kutoka. Akiingia simkaribishi, akitoka simuagi. Siku akitoka asirudi, nyumba yangu hujaa watu.

Fikiri basi. Usiseme paka, paka alishasemwa. Usiseme mume, mume naye alishasemwa, na mama aliyemsema aliitwa ofisini kueleza alikuwa na maana gani. Na ukishindwa, nakuomba, usikimbilie kunipa mji. Najua ndivyo tulivyozoea: mtu akishindwa humpa mtegaji mji, mtegaji akauchukua, akajisifu alivyokwenda huko akala wali na kuku, kisha ndipo akafungua jibu. Kwetu huo ni mchezo wa watoto na bibi zao wakati wa kusubiri chakula kiive. Lakini iko nchi moja, jina lake limenitoka, na hata lisingenitoka nisingelitaja, ambako watu walitoa mji kweli.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na adabu mno. Haikumnyang'anya mtu ardhi hata mara moja. Ilikuwa ikitega tu. Ikitaka bonde, ilimtuma waziri akawategee watu wa bondeni. Wakijibu, bonde lao. Wakishindwa, waziri anasema "nipeni mji", wanampa, karani anapiga muhuri, na kila mtu anarudi nyumbani akiwa amecheka vizuri.

Sasa Mkuu wa Nchi hiyo alipenda kutoa nishani. Alimpa nishani aliyemwamkia, akampa na aliyeitikia. Nishani zote zilinunuliwa ng'ambo, na siku moja akasema ni aibu taifa zima kuvaa vifuani bati la wageni. Ndipo ikaamuliwa kijengwe Kiwanda cha Nishani. Kitayeyusha betri kuukuu za magari kupata madini, na kuni zake zitakuwa matairi yaliyochakaa na plastiki zote za mji mkuu. Ilibaki kupata mahali, na Mheshimiwa Mburugo, Waziri wa Nishani na Heshima za Umma, akaingia kwenye gari akaenda kutega.

Msafara wake ulipotea njia. Ukasimama Chepechepe, mbele ya jiko la mwanamke mmoja aitwaye Siwema, mkaanga maandazi.

Siwema alikuwa mtu wa moyo mzuri. Akikukaangia maandazi manne anakuongezea la tano. Moyo ule ulikuwa na kona moja tu yenye kutu, na kona hiyo ilitazama ng'ambo ya kijito, mji wa Kirazini, kwa wifi yake Chausiku. Huyo Chausiku ndiye aliyeolewa na Ngwali, mdogo wake Siwema, ndugu yake wa pekee, akamchukua akahama naye. Tangu siku hiyo, chochote alichopata Chausiku, Siwema alikiona kama kimetoka kwenye kapu lake. Chausiku akinunua kikaango kipya, Siwema anakiona chake kimetoboka.

Dereva wa waziri akatoa kichwa dirishani. "Mama, Kirazini ni wapi?"

Siwema akanyoosha mwiko. "Vukeni kijito, mtakuta pale."

Wakavuka. Na mpaka leo, anayemjua Siwema atakwambia kwamba mwiko ule hakuutumia tena. Aliutundika ukutani kama mtu aliyemfanyia kosa.

*

Huko Kirazini watu walikusanywa uwanjani. Mheshimiwa Mburugo akapanda jukwaani, akavuta suruali juu ya tumbo, akasema, "Kitendawili."

"Tega."

Akatega kile kile nilichokutegea wewe.

Mtoto mmoja akasema paka. Mama mmoja akasema mume, nimeshakueleza yaliyompata. Mkuu wa Wilaya, Bwana Tumbuizo, ambaye hakupata kuacha nafasi ya sifa impite, akaruka kwenye kiti: "Ni wewe, Mheshimiwa! Wewe ndiye mgeni wetu wa daima!" Watu wakapiga makofi. Kisha Bwana Tumbuizo akarudia kile kitendawili moyoni mwake mpaka mwisho, pale penye kutoka asirudi na nyumba kujaa watu, akaona amemtabiria Waziri jambo gani, akakaa chini taratibu akaomba maji.

Nyuma kabisa bibi kizee mmoja alikuwa ameinua mkono. Askari akamwambia kwa heshima zote kwamba jibu haliruki ngazi. Ampe mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti ampe diwani, diwani ampe Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya kama anavyomwona bado anakunywa maji. Bibi akashusha mkono.

"Basi nipeni mji," akasema Waziri.

"Chukua Kirazini!" wakaitikia wote, wakicheka, kwa kuwa walikuwa watu wa mchezo.

Karani akapiga muhuri. Mtu mmoja akauliza, "Na jibu je, Mheshimiwa?"

"Jibu," akasema Waziri, "ni mali ya serikali." Akaingia garini.

*

Kiwanda kikaja, na dohani lake refu kuliko mnara wowote. Moshi ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyoungulia sufuriani. Ulitoka asubuhi, ukatanda juu ya Kirazini, ukatua kwenye mapaa wanayokingia maji ya mvua, kwenye mchicha, kwenye vyungu vilivyo wazi, kwenye vichwa vya watoto. Redioni wakauita manukato ya maendeleo. Na pamoja na moshi zikaja taa za barabarani, ikaja lami, likaja bango kubwa lililoandikwa KIRAZINI INANG'AA. Bango lenyewe lilipanguswa kila Jumatatu ili lisomeke.

Chepechepe haikupata kitu. Upepo wa huko ulitoka upande wa mashamba, na moshi wote ukaelekea kwa wenye bahati yao.

Siku moja Chausiku akavuka kijito kuja kumsalimia wifi yake. Alikuwa amejifunga kanga nyeupe, lakini nyeupe ya zamani. Sasa ilikuwa na madoa ya masizi toka pindo hadi pindo, na mwenyewe alitembea polepole katikati ya njia ili kila mtu aione.

"Karibu, wifi," akasema Siwema. "Mbona kanga imechafuka hivyo?"

"Imechafuka? Wifi nawe. Hii ni ya kiwanda. Nikifua, nikianika, inarudi hivi hivi. Nimechoka hata kufua."

"Pole."

"Asante. Nyie huku bado zinabaki nyeupe tu." Akaitazama kamba ya nguo ya Siwema, akatikisa kichwa kwa huruma. "Haya, Mungu hamsahau mtu."

Siwema alimsindikiza mpaka kijitoni akitabasamu. Aliporudi akachukua sufuria, akaigeuza, akakwangua masizi ya chini kwa kisu, akayanyunyiza kwenye shuka zake zote alizokuwa amefua asubuhi ile. Jirani yake akamwona. Akaingia ndani akatoka na sufuria yake. Baada ya muda si mrefu Chepechepe nzima ilikuwa inakwangua masufuria. Ikafika mahali mwanamke mwenye shuka jeupe kambani anaulizwa na wenzake kama nyumbani kuna matatizo.

*

Halafu Kirazini wakaanza kukohoa.

Serikali haikuchelewa. Ilitangaza kwamba hicho ni kikohozi cha uzalendo, na mwenye kukohoa mwezi mzima apewe nishani ya bati. Wengine wakakohoa damu, wakapewa ya shaba. Wengine wakaota uvimbe, huyu shingoni, yule kwapani, yule tumboni. Kuna neno la ugonjwa huo, wewe unalijua na mimi nalijua, lakini redioni lilipigwa marufuku kwa kuwa linatisha watalii. Ukaitwa unene wa mahali pamoja. Mwenye unene wa mahali pamoja alipewa nishani ya fedha. Ya dhahabu ilikuwepo pia, lakini hiyo mwenyewe hupewa akiwa amelala, na hapokei kwa mkono.

Nishani zikawa hazitoshi. Kwa hiyo kiwanda kikaongeza kazi. Kwa hiyo moshi ukaongezeka. Kwa hiyo wa kupewa nishani wakaongezeka. Mkuu wa Nchi akashangilia kwenye hotuba kwamba hajaona duniani kiwanda kinachojitafutia wateja chenyewe namna ile.

Iliundwa hata Tume. Tume ilipima hewa ya Kirazini kwa mashine ya kisasa, na kwa kuwa mashine ilikuwa ya gharama na haikutakiwa kupata vumbi, ikawekwa ofisini kwa Bwana Tumbuizo, kwenye kiyoyozi, madirisha yamefungwa. Ikasoma vizuri sana. Tume ikahitimisha kwamba tatizo ni wananchi wenyewe, wanavuta hewa kwa pupa.

Na Ngwali, mdogo wake Siwema, akaota uvimbe shingoni.

Habari ilipofika Chepechepe, Siwema alilia. Alilia kweli, usimdhanie vibaya. Akavaa kanga yake ya masizi akaenda. Lakini alipofika alikuta hema limefungwa uani, viti vya kukodi, pilau inapakuliwa, Bwana Tumbuizo amekaa kiti cha mbele na paja la kuku mkononi. Nyumba imejaa hadi kibarazani. Machozi ya Siwema yakakauka yenyewe. Katika maisha yake yote nyumba yake haikupata kujaa watu hata siku ya harusi yake, maana ilinyesha.

Akapenya mpaka chumbani. Ngwali alikuwa kitandani, sauti imekwaruza kama mlango wenye kutu, na nishani ya fedha wamemning'inizia shingoni karibu na uvimbe, vikawa vimekaa pamoja kama ndugu wawili.

"Shikamoo, dada," akasema Ngwali.

"Marahaba. Ya fedha kabisa?"

Chausiku alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Akamtazama wifi yake kwa muda. "Umeangalia nishani kabla ya kumwangalia nduguyo."

"Nimemwona. Nimelala naye tumbo moja, nisimwone? Ila nasema tu, watu wengine wana nyota. Mimi kule nakaanga maandazi tangu alfajiri, hata kikohozi cha kawaida sijaambulia."

"Chukua, wifi," Chausiku akasema. Hakuwa akitania. "Chukua nishani, chukua hema, mchukue na yule anayekula kuku pale nje. Niachie mtu wangu alivyokuwa."

Siwema akaigusa ile nishani kwa kidole. Moyoni akasema: mtu akishapata ndivyo anavyosema.

Alikuwepo pale daktari wa Kirazini, msichana mwembamba aitwaye Daktari Mlekwa, akimpima Ngwali kifua. Siwema akamuuliza kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye mgawaji, "Hivi hii kitu inakwenda kwa kuchagua? Mbona wifi yangu hana?"

"Sijui, mama," akasema daktari. "Huu moshi haumkamati mtu leo ukamwangusha kesho. Unaingia kidogo puani, kidogo kwenye maji ya paa, kidogo kwenye mchicha, unakaa. Mwili una chembechembe ndogo mno zinazojua zikue mpaka wapi ndipo ziache. Moshi unazisahaulisha kuacha. Wawili wanaweza kula masizi yale yale, mmoja yakamkaa, mwingine bado. Ngwali alikuwa akivuta sigara pia, moshi juu ya moshi. Lakini wanaokuja kwangu tangu kiwanda kije, mama, sijapata kuona."

"Sasa dawa?"

"Dawa ipo mji mkuu, tumemwombea, haijafika. Hapa kwanza ningemtoa kwenye moshi."

Bwana Tumbuizo alisikia kupitia dirishani. Juma lililofuata Daktari Mlekwa alipandishwa cheo, akapelekwa kituo cha mpakani ambako hakuna mtu hata mmoja, ili asisumbuliwe na wagonjwa.

*

Siwema alirudi kwake akiwa amekwishaamua. Kama moshi ndio unaoleta watu nyumbani, Chepechepe nayo itapata moshi.

Akakusanya wanawake wenzake, wakavaa kanga zao za masizi ya sufuria, wakapanda lori hadi mji mkuu. Waziri Mburugo akawapokea ofisini. Alipoziona zile kanga akatoa kitambaa akajipangusa jicho moja.

"Mama zangu wa Chepechepe," akasema, "serikali imeguswa. Najiuliza, na mkisikia najiuliza mjue jambo ni zito: kwa nini mtoto wa Kirazini akohoe kwa haki yake, na mtoto wa Chepechepe akohoe kwa kuigiza? Tulipata uhuru sote siku moja. Dohani la pili nilikuwa nimelifikiria, maana nishani zimepungua. Nitalileta kwenu. Nitalielekeza lenyewe kwenye nyumba zenu ili upepo usiwadhulumu."

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Lakini sheria ni sheria," akaendelea. "Lazima nitege. Akitokea mtu akajibu, mji unabaki wenu, mikono yangu imefungwa, sitaweza kuwasaidia hata mkilia."

"Hakuna atakayejibu," akasema Siwema.

"Una hakika?"

"Mheshimiwa, sisi hatujui lolote. Uliza popote."

Waziri akafurahi. Akamteua Siwema kuwa Mtoa Mji Mkuu: kitendawili kikishatulia kwenye vichwa vya watu na kimya kikaingia, yeye ndiye atakayesimama aseme "chukua Chepechepe" kwa niaba ya wote.

Siwema alirudi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Aliwajua wote wenye midomo myepesi. Watoto wanaojua vitendawili, vijana wanaopenda kujionyesha, vibibi vinavyojibu kabla ya kuulizwa. Akawaambia siku ya mkutano atagawa maandazi bure uwanjani, na sharti ni moja, Waziri akianza kutega kila mtu awe na andazi mdomoni.

"Mimi sina meno," kibibi kimoja kikamwambia.

"Lako nitalichovya kwenye chai, bibi. Wewe liviringishe tu."

*

Ilibaki siku moja mkutano ufike. Asubuhi, Siwema akiwa anakanda unga, akasikia watu kijitoni. Walikuwa Chausiku na majirani wawili, wamembeba Ngwali kwenye kiti. Kanga ya Chausiku ilikuwa safi, ameianikia ndani. Hakutembea katikati ya njia.

"Wifi," akasema, "nimekuja kukuomba. Mweke hapa kwako. Kule hawezi tena."

Usinione nasema vibaya, lakini nikueleze ukweli wa Siwema: cha kwanza alichokiona ni kwamba mgonjwa wa nishani ya fedha sasa yuko nyumbani kwake. Akafagia uwanja mara mbili. Akaazima viti. Akaitundika ile nishani kwenye msumari wa mbele, pale ulipokuwa mwiko, ili mtu akiingia tu aione. Kisha akakaa kibarazani kungoja watu.

Jua likapanda. Hakuja mtu.

"Wageni wako wapi?" akamuuliza Chausiku.

"Nimewaambia wasije. Hataki watu. Anataka kukaa tu mahali."

Siwema akavikusanya vile viti vya kuazima. Hata nyumbani kwangu, akawaza, hata nyumbani kwangu mwanamke huyu ananichagulia nani aje.

Walimweka Ngwali mlango wa nyuma, uso wake ukielekea mashambani, mgongo wake ukielekea dohani. Akakaa pale asubuhi nzima. Mchana Siwema akaleta bakuli lake la unga akaketi karibu naye akikanda.

"Dada," akasema Ngwali, "hapa kwako ni kama mtu kanitua mzigo. Kule kifua nakivuta kwa kamba, kama ndoo kisimani."

"Kula uji basi."

"Nitakula." Akalitazama bakuli la unga. "Nasikia kesho mnatoa mji."

"Si kutoa. Ni kuleta maendeleo. Na sisi tuonekane."

"Mkileta moshi huku, mimi mtanipeleka wapi tena?"

Siwema akakanda. "Utazoea," akasema, na neno lilipotoka akatamani angelimeza.

Ngwali akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, Chausiku akaja kumshika mgongo mpaka kikapita. Kisha Ngwali akasema, "Wifi yako hajui, ngoja nimwambie. Huyu dada yangu utotoni alikuwa hatoi mji. Hatoi katu. Ukimtega anakaa na kitendawili chako mpaka uji unapoa, mama anagomba, sisi tumeshalala usingizi, yeye kakaa tu. Asubuhi anakuamsha na jibu." Akamgeukia Siwema. "Sasa mbona siku hizi unatoa mji hata hujafikiri?"

Ngwali akasinzia pale pale kwenye kiti, na Chausiku akasema kwamba hajamwona akisinzia mchana tangu ugonjwa uanze. Wanawake wale wawili wakakaa, mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa mara ya kwanza bila kurushiana kitu. Ilisikika kifuani mwa Ngwali sauti kama jani kavu. Inaingia. Inatoka. Inaingia. Mara moja ilitoka ikakawia, na Siwema akajikuta ameshika donge la unga hewani, hakandi, hadondoshi, mpaka ilipoingia tena. Alipomwangalia Chausiku, naye alikuwa ameshika pindo la kanga yake vivyo hivyo.

"Ndivyo ninavyokaa kila siku," akasema Chausiku. "Na hema lile uani."

Siwema akaendelea kukanda. Maandazi yalikuwa yameshaahidiwa.

*

Siku ya mkutano uwanja ulifurika. Uwanja wa Chepechepe uko mbele ya nyumba ya Siwema kabisa. Bendi ilipiga, Bwana Tumbuizo alikuja na chupa yake ya maji mkononi mapema, karani alikuwa na muhuri. Siwema aliketi mstari wa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, kanga yake imepakwa masizi mapya. Alikuwa amemwacha Ngwali kule mlango wa nyuma na Chausiku.

Mheshimiwa Mburugo akapanda. Alizungumza juu ya usawa wa moshi. Alisema taifa lisilo na dohani ni kama mtu asiye na pua. Kisha akavuta suruali juu ya tumbo.

"Kitendawili."

"Tega," wakasema, na palepale wote wakatia andazi mdomoni.

"Nina mgeni wangu haishi kuingia na kutoka. Akiingia simkaribishi, akitoka simuagi. Siku akitoka asirudi, nyumba yangu hujaa watu."

Uwanja mzima ukatafuna. Watoto walitafuna macho yamewatoka, wana jibu, hawana pa kulipitishia. Kile kibibi kikaviringisha lake upande huu, kikaviringisha upande ule. Bwana Tumbuizo hakujaribu bahati yake mara ya pili, akanywa maji.

"Nipeni mji," akasema Waziri, akamtazama Siwema.

Siwema akasimama. Siku aliyoingoja ilikuwa imefika. Akageuka kuwatazama watu wake kwanza, kama alivyoelekezwa, ili aseme kwa niaba yao, na juu ya vichwa vyao akaiona nyumba yake.

Ilikuwa imejaa watu.

Wamejaa kibarazani, wamejaa mlangoni, wamesimama hadi uani kwa nyuma. Nyumba yake, ile ambayo haikupata kujaa hata siku ya harusi. Aliomba jambo hilo miaka mingapi, na sasa akashika mgongo wa kiti. Neno la mwisho la kitendawili lilikuwa bado masikioni mwake: nyumba yangu hujaa watu. Akamtafuta Ngwali kwa macho, hakumwona, aliona migongo tu.

Kisha migongo ikasogea, na Chausiku akatokea mlangoni. Akaona uso wa wifi yake kule uwanjani, akaelewa mara moja ulichokuwa unauliza. Watu wale walikuwa wamefuata kivuli tu, jua lilikuwa kali. Chausiku akaweka kiganja kifuani mwake, akakiinua, akakishusha. Akakiinua, akakishusha. Bado.

Siwema akasimama akikitazama kile kiganja.

"Haya, mama," akasema Mheshimiwa Mburugo kwa upole, "tunangoja. Chukua..."

"Mji hapana, Mheshimiwa," akasema Siwema. "Nina jibu."

Karani akauweka muhuri chini bila kuupiga. Kutafuna kukakoma uwanja mzima.

"Jibu haliruki ngazi," Bwana Tumbuizo akanong'ona. "Pitishia kwangu."

Siwema hakumtazama. Aliwaza juu ya kiti kile mlango wa nyuma, na uso ulioelekea mashambani, akageuka kumkabili Waziri, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwamshia mdogo wake asubuhi za utotoni akasema:

"Ni pumzi."